Matumizi ya Zana za Ufuatiliaji wa Mitandao ya Kijamii katika Kuboresha Utafutaji wa Masoko wa Biashara Ndogo: Mfano wa Kalenga, Mkoani Iringa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna zana za ufuatiliaji wa mitandao ya kijamii zinavyoweza kuboresha utafutaji wa masoko wa biashara ndogo. Kalenga, iliyoko katika Wilaya ya Iringa, imetumiwa kama mfano kwa sababu inakutanisha biashara mbili zenye mahitaji tofauti ya taarifa: uuzaji wa mboga, hususan nyanya na vitunguu, na huduma kwa wageni wanaozuru Makumbusho ya Mkwawa. Ufafanuzi unaongozwa na Nadharia ya Usambaaji wa Uvumbuzi ya Everett Rogers. Hoja inayojengwa ni kwamba zana hizi hazimfaidi mfanyabiashara kwa wingi wa machapisho zinayokusanya. Humfaidi pale ambapo maneno ya utafutaji yamechaguliwa na mtu anayeijua lugha na mahali, na pale ambapo taarifa iliyopatikana inafikia uamuzi kabla ya wakati wake kupita. Makala inajadili pia mipaka ya zana hizo katika kuchanganua Kiswahili, pamoja na mipaka ya kisheria na kimaadili.

Maneno msingi: ufuatiliaji, mitandao ya kijamii, biashara ndogo, uchanganuzi wa hisia, Kalenga

1.0 Utangulizi

Muuzaji anayekaa nyuma ya meza yake sokoni hupata taarifa nyingi bila kuzitafuta. Humwona mteja akiibonyeza nyanya na kuirudisha, humsikia akinung'unika juu ya bei, na humtazama akivuka kwenda meza ya jirani. Taarifa hizo ndizo zinazomwezesha kurekebisha bei, kupanga upya bidhaa au kubadili mahali anakonunua. Mitandao ya kijamii imehamisha sehemu ya mazungumzo hayo kutoka mbele ya meza hadi mahali ambapo muuzaji hayupo. Mteja asiyeridhika huweza kuondoka kimya sokoni, kisha akaandika jioni akiwa nyumbani, na maneno yake yakasomwa na watu ambao muuzaji hatawaona kamwe.

Zana za ufuatiliaji wa mitandao ya kijamii ni programu zinazomwezesha mtumiaji kutafuta, kukusanya, kupanga na kufasiri yale yanayosemwa hadharani kuhusu jina, bidhaa, mahali au jambo fulani. Ufuatiliaji unatofautiana na utangazaji. Katika utangazaji mfanyabiashara husema na wateja husikiliza, ilhali katika ufuatiliaji wateja husema na mfanyabiashara husikiliza. Biashara nyingi ndogo zimeingia mitandaoni kupitia mlango wa utangazaji peke yake: zinaweka picha, zinaandika bei na namba ya simu, kisha zinasubiri. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa katika makala hii.

2.0 Usuli wa Kalenga

Kalenga ipo takribani kilomita 15 kutoka mjini Iringa, kwenye njia ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika historia, ilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, na ngome yake ilitekwa na majeshi ya Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupambana hadi Julai 1898, alipojiua kuliko kukubali kukamatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Kurejeshwa kwake kuliwekwa katika Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, wakati Edward Twining alipokuwa Gavana wa Tanganyika. Fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na ndilo linalowavuta wageni wengi.

Upande wa pili wa uchumi wa eneo hili ni kilimo. Bonde la Ruaha Mdogo huwezesha kilimo cha umwagiliaji, na Mkoa wa Iringa unafahamika kwa nyanya na vitunguu vinavyosafirishwa hadi masoko ya Dar es Salaam. Nyanya huuzwa kwa tenga na vitunguu kwa gunia, na katikati ya mkulima na mlaji husimama dalali, mwenye gari na muuzaji wa jumla.

Biashara hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja la msingi, nalo ni umri wa taarifa. Maoni ya mgeni kuhusu makumbusho huweza kusomwa baada ya mwezi mmoja na bado yakafaa kwa msimu ujao. Taarifa kwamba soko la Dar es Salaam limefurika nyanya huwa haina thamani tena baada ya gari kuondoka Iringa, kwa kuwa nyanya iliyoiva haisubiri. Kwa hiyo, kuzungumzia "zana bora" bila kueleza inatumika katika biashara gani ni kuzungumzia nusu ya jambo.

3.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Usambaaji wa Uvumbuzi ilifafanuliwa na Everett Rogers katika kitabu chake cha mwaka 1962. Chimbuko lake ni tafiti za vijijini nchini Marekani, ukiwamo utafiti mashuhuri wa Bryce Ryan na Neal Gross wa mwaka 1943 kuhusu namna wakulima wa Iowa walivyopokea mbegu chotara za mahindi. Asili hiyo ya kijijini inaifanya ifae katika mjadala huu. Rogers anabainisha sifa tano za uvumbuzi zinazoathiri kasi ya kupokelewa kwake: manufaa yake yakilinganishwa na njia iliyopo, kupatana kwake na desturi na mahitaji ya watu, ugumu wake, uwezekano wa kuujaribu kwa kiasi kidogo, na kuonekana kwa matokeo yake.

Nadharia hii inasaidia kuepuka kosa la kumlaumu mfanyabiashara kwa "kutopenda teknolojia". Mkulima anayempigia simu ndugu yake aliyeko Ilala kuuliza bei tayari ana zana ya kupata taarifa, nayo ni ya haraka na ya kuaminika. Zana mpya inapaswa kumpa kitu ambacho simu hiyo haimpi.

4.0 Aina za Zana na Kazi Zake

Zana zinazopatikana zinaweza kupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni zana zilizomo ndani ya mtandao wenyewe. Meta Business Suite humwonesha mwenye ukurasa wa Facebook au Instagram idadi ya waliofikiwa na chapisho, saa wanazokuwa mtandaoni na aina ya machapisho yanayojibiwa. WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, humwezesha muuzaji kupanga mazungumzo kwa lebo, kwa mfano "ameagiza", "amelipa" na "amelalamika". Lebo ya mwisho hutumiwa mara chache ingawa ina manufaa makubwa: mwishoni mwa mwezi, muuzaji anaweza kusoma malalamiko yote kwa pamoja na kuona kama yanahusu jambo moja.

Kundi la pili ni zana huria za utafutaji. Google Alerts, iliyoanzishwa mwaka 2003, humtumia mtumiaji barua pepe kila ukurasa mpya wenye maneno aliyoyataja unapoonekana kwenye intaneti. Google Trends huonesha jinsi neno linavyotafutwa kwa vipindi tofauti. Kwa biashara za utalii, sehemu ya maoni katika ramani za Google na katika Tripadvisor ni daftari la wageni lililo wazi kwa ulimwengu mzima.

Kundi la tatu ni zana za kulipia, kama Brandwatch na Hootsuite, ambazo hukusanya machapisho kutoka mitandao mingi, huyahesabu na kuyachanganua. Makampuni makubwa yalianza mapema kuwekeza katika kazi hii. Kampuni ya Dell, kwa mfano, ilifungua kituo maalumu cha kusikiliza mitandao mwezi Desemba 2010. Kwa muuza nyanya au mwongoza watalii wa Kalenga, zana za kundi hili zina kasoro mbili: ada yake haiendani na mapato yake, na nguvu yake ipo katika wingi wa machapisho, ilhali yeye anahitaji kuelewa machapisho machache yanayomhusu.

5.0 Tatizo la Maneno ya Utafutaji

Zana yoyote ya ufuatiliaji huanza na maneno. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mfano wa Kalenga unalidhihirisha jambo hili vizuri.

Mtu atakayeweka neno "Kalenga" peke yake hatapata wateja, atapata siasa. Kalenga ni jina la jimbo la uchaguzi, na machapisho mengi yenye jina hilo yanahusu ubunge, kama ilivyokuwa katika uchaguzi mdogo wa Machi 2014 uliofuatia kifo cha Waziri wa Fedha, William Mgimwa. Aidha, Kalenga ni jina la watu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hivyo matokeo ya utafutaji huchanganyika na habari za watu wasiohusiana na Iringa. Neno "Mkwawa" nalo huleta habari za Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa: udahili, mitihani na mahafali. Neno "Ruaha" huleta mto, hifadhi na chuo kikuu. Mfano wa ajabu zaidi ni "ulanzi". Mkazi wa Iringa anajua kuwa hicho ni kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi, lakini mtandaoni jina hilo ni pia la kampuni ya Kichina inayotengeneza vifaa vya kamera. Anayetaka kujua wageni wanasema nini kuhusu kinywaji hicho atajikuta akisoma sifa za stendi za kamera.

Suluhisho ni kuunganisha maneno na kuondoa mengine. "Kalenga" iambatanishwe na "makumbusho", "fuvu" au "Iringa", na maneno "jimbo", "mbunge" na "kura" yaondolewe. Tahajia mbadala nazo zizingatiwe. Nyaraka za Kijerumani za enzi za ukoloni ziliandika jina la Mkwawa kama "Quawa", na msomaji wa Kijerumani anayefuatilia historia hiyo huweza kulitumia hadi leo. Kwa upande wa mboga, jina la biashara halitoshi, kwa kuwa wanunuzi wa nyanya hawataji jina la mkulima. Wanataja tenga, bei, soko, barabara na mvua. Neno "lumbesa", linalotaja gunia lililojazwa kupita kipimo halali, linaweza kumpa muuzaji wa vitunguu taarifa nyingi kuliko jina lake mwenyewe, kwa sababu hubeba ugomvi wa kudumu kati ya mkulima na mnunuzi.

Orodha kama hii haiwezi kutungwa na programu. Hutungwa na mtu aliyewahi kupakia tenga kwenye gari au kumtembeza mgeni makumbusho.

6.0 Kiswahili na Uchanganuzi wa Hisia

Zana nyingi huahidi kutenganisha maoni mazuri na mabaya. Ahadi hiyo inategemea lugha ambayo programu ilifunzwa kwayo. Kwa Kiswahili, kuna vikwazo vitatu vinavyohitaji kuelezwa.

Kikwazo cha kwanza ni cha kimofolojia. Ukanushi katika Kiswahili mara nyingi huwa ndani ya kitenzi. "Nimeridhika" na "sijaridhika" zina mzizi mmoja lakini maana zinazopingana. Programu inayotafuta mzizi wa "oza" kama dalili ya lalamiko itaziweka pamoja kauli "nyanya zimeoza" na "nyanya hizi haziozi upesi", ingawa ya pili ni sifa ambayo kila muuzaji angependa kuibandika ukutani.

Kikwazo cha pili ni cha kimtindo. Katika lugha ya vijana, maneno yenye sura mbaya hutumika kusifu: mzigo huwa "noma", chakula huwa "hatari", safari huwa "balaa". Neno "kali" husifu bidhaa lakini hulaumu bei. Vivyo hivyo, "hongereni kwa kutusubirisha" ni lalamiko lililovaa nguo za pongezi. Mkoani Iringa, Kihehe pia huingia katika Kiswahili, na programu isiyolijua neno "kamwene" haitajua hata kwamba imesalimiwa.

Kikwazo cha tatu hakihusu lugha bali nafasi ya msemaji. Kauli "bei ya nyanya imeshuka" ni habari njema kwa mpishi wa Dar es Salaam na ni habari mbaya kwa mkulima wa Kalenga. Hakuna programu inayoweza kuiita kauli hiyo nzuri au mbaya bila kujua ni nani anayeuliza.

Juhudi za kuboresha hali hii zipo. Mkusanyiko wa data wa AfriSenti, uliotolewa mwaka 2023, unahusisha machapisho ya Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, yaliyowekewa alama za hisia na wazungumzaji wenyewe. Hata hivyo, kwa biashara inayopata maoni machache kwa wiki, usomaji wa macho unabaki kuwa sahihi zaidi na hauna gharama. Zana ikusanye, na mtu asome.

7.0 Kutoka Kusikia hadi Kuamua

Ufuatiliaji usiozaa uamuzi ni kazi bure. Utaratibu unaofaa biashara ndogo una hatua chache. Kwanza, mfanyabiashara aandike swali moja analotaka kulijibu, kwa mfano: kwa nini wageni wanaopita kwenda Ruaha hawasimami Kalenga? Pili, atunge orodha ya maneno na kuijaribu kwa wiki moja, akiondoa yanayoleta taka. Tatu, atenge muda maalumu wa kusoma, na aandike katika daftari tarehe, kilichosemwa na jambo linalohusika. Nne, kila jambo linalojirudia lipewe uamuzi na mtu wa kuutekeleza. Tano, aliyelalamika ajibiwe, na marekebisho yakishafanyika ayajue.

Chukulia kwamba maoni kadhaa ya wageni yanataja kuwa hawakuiona njia ya kuingilia. Uamuzi sahihi hapo si kuongeza matangazo. Ni kurekebisha alama ya mahali kwenye ramani na kuweka picha ya njia panda. Ikiwa maoni yanasema mwongozaji alijua mengi lakini muda ulikuwa mfupi, uamuzi ni kupanga upya ziara. Katika hali zote mbili, fedha ambayo ingetumika kulipia tangazo inaelekezwa kwenye kasoro iliyotajwa na mteja mwenyewe.

Upimaji wa matokeo nao unahitaji uangalifu. Chapisho kupendwa na wengi si ushahidi wa mauzo. Wingi wa majibu huweza hata kuwa ishara ya hasira. Fuvu la Mkwawa ni mfano unaohitaji busara: picha yake huweza kuvuta macho mengi kuliko picha nyingine yoyote, lakini kwa ukoo wake na kwa Wahehe wengi hayo ni mabaki ya babu, si pambo la tangazo. Mfanyabiashara anayetazama idadi bila kusoma maneno atadhani amefaulu siku ileile anapopoteza heshima ya majirani zake. Kipimo rahisi na cha kuaminika ni kumuuliza kila mteja alikosikia habari za biashara, na kuandika jibu lake.

8.0 Mipaka ya Kisheria, Kimaadili na Kiutendaji

Sehemu kubwa ya mazungumzo ya biashara ya mazao hufanyika katika makundi ya WhatsApp, ambayo zana za ufuatiliaji haziyafikii. Ni vyema isichukuliwe kuwa kasoro ya kutafutiwa ujanja. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, chini ya usimamizi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuorodhesha namba za simu za wanakikundi na kuwatumia matangazo bila ridhaa yao ni jambo tofauti kabisa na kusoma maoni yaliyowekwa hadharani.

Mpaka mwingine ni utegemezi. Mwaka 2023, Twitter iliondoa huduma ya bure iliyoruhusu programu za nje kupata machapisho yake. Tarehe 14 Agosti 2024, Meta iliifunga CrowdTangle, zana iliyotegemewa na watafiti na waandishi wa habari. Mei 2025, mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania. Matukio haya yanaonesha kwamba biashara iliyoegemeza masikio yake yote kwenye mtandao mmoja inaweza kuwa kiziwi kwa siku moja. Daftari la mfanyabiashara ndilo mali yake. Akaunti ni ya kuazima.

9.0 Tathmini kwa Mujibu wa Nadharia

Sifa tano za Rogers zinatoa picha isiyo sawa kwa biashara hizo mbili. Kwa huduma za wageni, manufaa ni makubwa kwa kuwa mteja hutoka mbali na huacha maoni hadharani; hakuna simu ya ndugu inayoweza kuyakusanya. Kwa wauzaji wa mboga, manufaa ni madogo katika bei ya siku, ambapo simu bado inashinda, lakini yanaongezeka katika mambo ya msimu: malalamiko kuhusu vipimo, ufungaji na usafirishaji. Kuhusu upatanifu, ufuatiliaji unalingana na desturi ya sokoni ya kusikiliza kabla ya kutaja bei. Ugumu unapungua iwapo zana huria zitatumika badala ya zile za kulipia. Uwezekano wa kujaribu ni mkubwa, kwani neno moja na wiki moja vinatosha kuanza. Sifa iliyo dhaifu ni kuonekana kwa matokeo: jirani huona tangazo la mwenzake, lakini haoni daftari lake. Ndiyo maana utangazaji umesambaa upesi kuliko ufuatiliaji.

10.0 Hitimisho

Makala imefafanua kuwa zana za ufuatiliaji wa mitandao ya kijamii zinaweza kuboresha utafutaji wa masoko wa biashara ndogo iwapo zitatumika kama msaada wa sikio la mfanyabiashara na si mbadala wake. Mfano wa Kalenga umeonesha kwamba ujuzi wa lugha, wa majina ya mahali na wa istilahi za biashara husika una uzito kuliko bei ya programu. Inapendekezwa kwamba maofisa biashara na maofisa utamaduni wa halmashauri wawasaidie wafanyabiashara kutunga orodha za maneno ya utafutaji kwa pamoja, kwa kuwa orodha moja huweza kuwafaa wengi. Inapendekezwa pia kwamba tafiti zijazo zichunguze maoni ya Kiswahili ya wateja katika sekta mahususi, ili uchanganuzi wa hisia uweze kutofautisha nyanya iliyooza na nyanya isiyooza upesi. Kwa programu, tofauti hiyo ni ya silabi chache. Kwa mkulima, ni ya tenga zima.